Kamati Iliyosalia Jumuiya Ilipovunjika

Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilishika kilichokutwa kwenye ardhi yake. Ndege, mabehewa, meli za ziwani, karakana, hata samani za ofisi viligeuka mali ya kugombaniwa. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, na ulikaa hivyo hadi mwaka 1983. Mwanadiplomasia wa Uswisi, Victor Umbricht, alifanya kazi ya miaka kuhesabu mali na madeni, ndipo marais watatu wakatia saini makubaliano ya mgawanyo mjini Arusha, tarehe 14 Mei 1984.

Katika mgawanyo ule kulikuwa na vitu vichache vilivyobaki vizima. Benki ya Maendeleo ya Afrika Mashariki iliendelea na kazi, ikapewa hati mpya mwaka 1980. Chuo cha urubani cha Soroti nacho kilisalia. Cha tatu kilikuwa kamati ya vyuo vikuu vitatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Kamati hiyo haikuwa na ndege wala gati la kunyang'anywa. Ilichokuwa nacho ni kumbukumbu za vikao, majina ya watahini, na wasomi waliofahamiana tangu ujana wao. Ndiyo iliyozaa chombo kinachojulikana leo kama Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, au IUCEA kwa kifupi chake cha Kiingereza, chenye makao makuu Kampala.

Historia ya Baraza hili haisimuliwi sana. Haina vita wala maandamano, na watu wake wengi walikuwa makamu wakuu wa vyuo, wasajili na wakuu wa idara waliokaa vikaoni mpaka jioni wakijadili alama. Hata hivyo, kijana wa Moshi aliyedahiliwa Nairobi, wa Kisumu anayevuka Busia kwenda kusoma Kampala, au wa Bujumbura aliyepata nafasi Dodoma, wote wanapita katika njia iliyotunzwa na watu hao wakati ambapo wakubwa wa nchi zao hawakuwa wakisalimiana. Kwa hiyo historia hiyo inastahili kusimuliwa kwa ukamilifu wake.

Njia yenyewe ni ya zamani kuliko kamati. Mwaka 1922 serikali ya kikoloni ya Uganda ilifungua shule ya ufundi kwenye kilima cha Makerere, ikaanza na wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Haikuchukua muda masomo yakapanuka hadi udaktari, ualimu na kilimo. Tume ya De La Warr ilipofika mwaka 1937, ilipendekeza Makerere iwe chuo cha elimu ya juu cha Afrika Mashariki nzima, na hapo ndipo msafara ulipoanza kwa dhati. Vijana wa Bukoba na Mwanza walivuka ziwa kwa meli. Wa Kenya walipanda garimoshi la kwenda Kampala. Wengine walitoka Tabora, Maseno, Kikuyu na Unguja, kila mmoja na sanduku lake na barua ya kuitwa chuoni.

Julius Nyerere aliingia Makerere mwaka 1943 kusomea stashahada ya ualimu, akamaliza mwaka 1945. Akiwa huko alishiriki kuanzisha umoja wa wanafunzi wa Tanganyika, ambao baadaye ukawa tawi la chama cha Waafrika wa Tanganyika, TAA. Milton Obote aliingia mwaka 1948. Mwai Kibaki alisoma uchumi hapo mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Benjamin Mkapa alihitimu katika Kiingereza mwaka 1962, mwaka uleule waandishi wa Afrika walipokutana chuoni hapo na Ngũgĩ wa Thiong'o, akiwa bado mwanafunzi, akaonyesha tamthilia yake ya kwanza mjini Kampala. Marais wanne wa nchi tatu walilelewa na kilima kimoja. Hakuna tamko la kisiasa lililotolewa baadaye kuhusu umoja wa Afrika Mashariki ambalo lina uzito kuliko ukweli huo.

Lakini nani aliamua nani avuke mpaka? Wakati huo mwanafunzi hakuchagua chuo, alichaguliwa. Serikali ya kila koloni ilipima nafasi zake, ikatoa ufadhili, ikatuma idadi iliyoitaka. Makerere ilipopandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki mwaka 1949 chini ya Chuo Kikuu cha London, mitaala na mitihani ikawa ya London, na shahada ikawa ya London. Mfumo huo ulikuwa na faida moja kubwa, kwamba hakuna mwajiri wa Nairobi au Dar es Salaam aliyeweza kuitilia shaka shahada iliyotoka Kampala. Kasoro yake ilikuwa uchache. Nafasi zilikuwa chache mno kwa nchi zilizokuwa zikikaribia uhuru.

Uchache huo ndio uliomsukuma mwanasiasa Mkenya Tom Mboya kutafuta mlango mwingine. Mwezi Septemba 1959 ndege iliyokodiwa iliwapeleka Marekani wanafunzi 81 kutoka Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya, na safari nyingine zikafuata. Mmoja wa waliokwenda mwaka 1960 alikuwa Wangari Maathai, ambaye alikuja kutunukiwa Nobeli ya Amani mwaka 2004. Maofisa wa kikoloni hawakufurahia. Walidai shahada za vyuo vya Marekani zilikuwa hafifu, na waliofuata njia hiyo walirudi nyumbani wakakuta vyeti vyao vinakaguliwa kwa jicho la mashaka. Hapo palizaliwa swali ambalo vyuo vya ukanda huu havijaacha kuulizana hadi leo: ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba elimu aliyoipata mtu ng'ambo inatosha?

Wakati huohuo vyuo viwili vipya vilikuwa vikiinuka. Chuo cha Ufundi cha Kifalme cha Nairobi kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, baada ya jumuiya ya Wahindi iliyokuwa imechangisha fedha za kujenga chuo cha kumkumbuka Gandhi kukubali kuunganisha mpango wake na wa serikali. Na tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, chuo kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi wasiofika 15. Chuo kilihamia Mlimani mwaka 1964.

Vyuo hivyo vitatu viliunganishwa kuwa kimoja tarehe 28 Juni 1963, siku Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipozinduliwa Nairobi. Nyerere alikuwa Mkuu wa Chuo, na Bernard de Bunsen, aliyekuwa ameiongoza Makerere kwa zaidi ya miaka 10, akawa Makamu Mkuu. Kuanzia hapo shahada ilikuwa ya Afrika Mashariki, ikatolewa hapahapa Afrika Mashariki.

Mpango wake ulikuwa wa ujasiri. Vitivo vya gharama kubwa viligawanywa, kila mji na chake. Mwenye kutaka udaktari au kilimo alikwenda Makerere, mwenye kutaka uhandisi, usanifu majengo au udaktari wa mifugo alikwenda Nairobi, na sheria ilisomwa Dar es Salaam peke yake. Masomo ya sanaa na sayansi yalifundishwa kote. Maana yake ni kwamba kusafiri hakukuwa hiari ya mwenye uwezo. Mkenya aliyetaka kuwa wakili alilazimika kuishi Dar es Salaam miaka mitatu, akazoea joto lake, akanyoosha Kiswahili chake. Mtanzania aliyetaka kuwa daktari alijifunza kupima wagonjwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Mganda aliyetaka kujenga madaraja alikaa Nairobi. Hakuna mpango wa kubadilishana wanafunzi uliobuniwa baadaye katika ukanda huu, pamoja na ufadhili wake wote, ambao umewahi kuchanganya vijana kwa kina kama ule.

Matunda yake yalionekana kwa miaka mingi. Benjamin Odoki, aliyekuja kuwa Jaji Mkuu wa Uganda, alisoma sheria Dar es Salaam. Willy Mutunga, Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011, alisoma hapohapo, kama alivyosoma Amos Wako, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu wa Kenya kwa miaka 20. Kwa hiyo mahakama za nchi jirani ziliongozwa na watu waliosoma kesi zilezile katika maktaba ile ile ya Mlimani.

Mlimani haikuwa darasa la sheria tu. Yoweri Museveni alifika mwaka 1967, akawa kinara wa umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, USARF. John Garang wa Sudan ya Kusini alipita hapo pia, akitokea Marekani. Walter Rodney, kijana wa Guyana, alifundisha historia kwa vipindi viwili, na kitabu chake kikubwa kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 akiwa bado mwalimu wa chuo hicho. Vijana wa vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika walikuwa wageni wa kawaida mjini. Dar es Salaam ilipokea wanafunzi wa kigeni kama sehemu ya siasa yake ya ukombozi, na haikuona haya kusema hivyo.

Hata hivyo chuo kimoja chenye wenye nyumba watatu kilikuwa na mitihani yake. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu wakipinga utumishi wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa, na Nyerere akawarudisha makwao zaidi ya 300. Yeye aliyetoa amri kama Rais ndiye aliyekuwa Mkuu wa chuo cha nchi tatu. Sheria ya utumishi iliwahusu Watanzania, lakini katika bweni hilohilo waliishi Wakenya na Waganda waliobaki wakitazama wenzao wakifunga mizigo. Siku ile ilionekana wazi kwamba mwanafunzi anaweza kuwa wa chuo cha Afrika Mashariki asubuhi, na jioni akakumbushwa kwamba ni raia wa nchi moja yenye sheria zake.

Shinikizo kubwa zaidi lilitoka kwenye wizara za mipango. Kila nchi ilihitaji madaktari wake, wahandisi wake na mawakili wake, na haikutaka kusubiri nafasi zigawanywe kwenye meza ya pamoja. Shule ya udaktari ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo mwaka 1968. Nairobi ilianzisha udaktari mwaka 1967. Makerere ilianza kufundisha sheria mwaka 1968, na Nairobi nayo ikafungua kitivo chake mwaka 1970. Kilimo nacho kikawekewa kitivo Morogoro, kwenye chuo kinachoitwa leo Sokoine. Kila kitivo kipya kilikuwa na sababu nzuri ya kuwepo, na kila kimoja kilipunguza sababu ya kijana kuvuka mpaka.

Mwisho wa Juni 1970 Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa. Kesho yake, tarehe 1 Julai, vilikuwepo vyuo vikuu vitatu vya kitaifa, na kila Rais akawa mkuu wa chuo cha nchi yake.

Waliosimamia mgawanyo huo walifanya jambo moja la busara ambalo wanahistoria wengi hulipita haraka. Waliunda Kamati ya Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, iendeleze ushirikiano pale ulipowezekana: kubadilishana walimu, kupokea wanafunzi wa nchi nyingine kwa kiasi fulani, na kupeana watahini wa nje. Hili la mwisho ndilo lililookoa mengine.

Kazi ya mtahini wa nje yahitaji maelezo kidogo kwa msomaji ambaye hajawahi kufanya kazi chuoni. Kila mwisho wa mwaka profesa wa chuo jirani hualikwa, hupewa maswali, miongozo ya kusahihishia na rundo la karatasi za majibu. Husoma sampuli, hukaa na idara, huhoji kwa nini huyu kapewa daraja la kwanza na yule kaanguka, kisha huandika taarifa inayokwenda hadi seneti. Akirudi kwake anajua mwanafunzi wa kule anafundishwa nini na anapimwa vipi. Ikitokea baadaye mhitimu wa chuo kile akaomba kusoma uzamili kwake, hahitaji kuuliza uzito wa cheti. Kutambuana kwa shahada kati ya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam hakukutegemea mkataba wa kimataifa. Kulitegemea watu kama hao, waliojua karatasi za wenzao kwa macho yao wenyewe.

Na hali ilikuwa ngumu. Idi Amin alipindua serikali ya Uganda Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na Oktoba 1972 Makamu Mkuu wa Makerere, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Walimu walikimbia; Ali Mazrui, mwana wa Mombasa aliyekuwa nyota wa sayansi ya siasa Makerere, aliondoka mwaka 1973 na makao yake yakawa Marekani. Mwaka 1976 mwanafunzi Mkenya wa Makerere alitoweka akiwa safarini kurudi nyumbani kupitia Entebbe, jambo lililozua uchungu mkubwa Kenya na kuwafanya wazazi wengi kuwatoa watoto wao. Chuo kilichokuwa kikiwavuta vijana wa ukanda mzima kwa miaka 40 kikawa mahali ambapo mzazi aliogopa kumpeleka mwanawe.

Upande wa shule nako nyuzi zilikuwa zikikatika. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1967 kuchukua nafasi ya mitihani ya Cambridge, lilipoteza Tanzania mwaka 1971. Kenya na Uganda ziliendelea pamoja hadi mwaka 1980, kisha kila moja ikashika njia yake. Baada ya hapo hapakuwa tena na cheti kimoja cha sekondari ambacho msajili wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam angekisoma kwa namna moja.

Ni katika mazingira hayo, Jumuiya ikiwa imekufa na Uganda ikitoka katika vita vilivyomng'oa Amin, ndipo makamu wakuu wa vyuo na makatibu wakuu wa wizara za elimu walipokutana na kutia saini hati ya maelewano mwaka 1980. Kamati ikawa Baraza. Anayeitazama tarehe hiyo kwa makini ataona uzito wake: mpaka wa Tanzania na Kenya ulikuwa bado umefungwa, na mali za Jumuiya zilikuwa bado zinagombaniwa. Serikali ambazo hazikuweza kukubaliana juu ya mabehewa ziliwaruhusu maprofesa wao kukubaliana juu ya elimu. Miaka ya 1980 haikuwa ya neema. Fedha zilikuwa haba, na shughuli nyingi zilikuwa ndogo. Lakini vikao vilifanyika, na watahini waliendelea kualikana.

Mkataba mpya wa Jumuiya uliposainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999, Baraza lilikuwa tayari lipo, likisubiri Jumuiya irudi. Itifaki yake ilisainiwa mwaka 2002, na mwaka 2009 Bunge la Afrika Mashariki likalitungia sheria, hatua iliyolifanya chombo kamili cha Jumuiya. Kipindi hicho Katibu Mtendaji wake alikuwa Chacha Nyaigotti-Chacha, Mkenya ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamfahamu kwa tamthilia zake na kwa utafiti wake juu ya ushairi wa Abdilatif Abdalla. Baada yake alishika usukani Mayunga Nkunya wa Tanzania, kisha Alexandre Lyambabaje wa Rwanda, kisha Gaspard Banyankimbona wa Burundi. Kupokezana huko kwa nchi mbalimbali kulileta mabadiliko ya kweli, kwa sababu Rwanda na Burundi, zilizojiunga mwaka 2007, zilikuja na mapokeo ya vyuo vya Kifaransa na Kibelgiji. Mwanafunzi wa Bujumbura hakuwa na kidato cha sita wala daraja la kwanza la shahada kwa maana inayojulikana Makerere. Ilibidi mifumo miwili ifundishwe kuelewana.

Kazi hiyo ndiyo iliyochukua nguvu nyingi za Baraza katika karne hii. Kuanzia mwaka 2006, kwa msaada wa taasisi za elimu ya juu za Ujerumani, lilianza kuandaa miongozo ya pamoja ya uhakiki wa ubora na kufundisha maofisa wa vyuo namna ya kujitathmini. Mwaka 2015 ukapitishwa mfumo wa pamoja wa sifa za elimu ya juu, wenye ngazi 8, ili cheti cha nchi moja kiweze kupangwa karibu na cha nchi nyingine. Tarehe 20 Mei 2017, katika mkutano wao Dar es Salaam, wakuu wa nchi wakatangaza ukanda huu kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu.

Tangazo ni zuri. Wanafunzi, hata hivyo, hawakulisubiri. Walikuwa wamekwisha kuvuka kwa maelfu.

Sababu mojawapo ilikuwa mageuzi ya shule nchini Kenya. Mfumo wa 8-4-4, yaani miaka minane ya msingi, minne ya sekondari na minne ya chuo kikuu, ulipoanza mwaka 1985, kidato cha tano na cha sita vilifutwa, na watahiniwa wa kwanza wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, wakaufanya mwaka 1989. Nafasi katika vyuo vya umma hazikutosha. Uganda, kwa upande wake, ilikuwa imeruhusu vyuo binafsi na wanafunzi wa kujilipia, na karo yake ilikuwa nafuu. Wakenya walijaa kwenye mabasi ya kwenda Kampala, Mbale na Busoga. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Mbale, kilichofunguliwa mwaka 1988, kilipata wanafunzi kutoka pwani ya Kenya na Tanzania. Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanza mwaka 2001, kilijenga sifa yake kwa kupokea majirani, hata kikafungua tawi Gongo la Mboto, Dar es Salaam.

Hapo kikazuka kizungumkuti. Uganda na Tanzania zilibaki na kidato cha sita. Je, Mkenya mwenye cheti cha kidato cha nne cha 8-4-4 aingie mwaka wa kwanza sawasawa na Mganda aliyesoma miaka miwili zaidi ya sekondari? Vyuo vilianzisha kozi za daraja, zilizomwongezea mwanafunzi masomo kabla ya kumdahili. Baadhi ya wahitimu waliporudi makwao waliambiwa kozi hizo hazitambuliwi, au chuo walichosoma hakina ithibati. Familia zilizouza ng'ombe na mashamba kulipa karo zilijikuta zikipanga foleni kwenye ofisi za vyombo vya udhibiti: tume ya vyuo vikuu ya Kenya, ile ya Tanzania, TCU, na baraza la taifa la elimu ya juu la Uganda. Vyombo hivyo vilikuwa na haki ya kuwalinda wananchi dhidi ya vyuo vya kubabaisha. Lakini aliyeumia kwanza alikuwa mwanafunzi, ambaye hakushirikishwa katika ugomvi wa vyeti na hakuonywa mapema. Hili ndilo doa kubwa katika historia ya uhamaji wa wanafunzi hapa kwetu, na miongozo ya Baraza ilizaliwa kwa kiasi kikubwa ili lisijirudie.

Soko la Pamoja lilipoanza tarehe 1 Julai 2010, haki ya mwanafunzi kuingia nchi jirani na kuomba kibali cha masomo iliandikwa ndani ya itifaki. Ada ndiyo iliyobaki kuwa ukuta. Katika vyuo kadhaa kuna orodha mbili, ya wananchi na ya wageni, na mara nyingi ya wageni huandikwa kwa dola. Mtoto wa Holili akienda kusoma umbali wa saa chache ng'ambo ya mpaka anaweza kulipishwa kama aliyetoka bara jingine. Vikao vya Baraza vimelijadili jambo hili mara nyingi, na vyuo vichache vimewasogeza majirani kwenye orodha ya wananchi. Vingine vinaona ada ya wageni kuwa pato ambalo haviwezi kuliacha wakati ruzuku ya serikali inapungua. Hoja hiyo inaeleweka, lakini haiwezi kukaa meza moja na tamko la mwaka 2017.

Ufadhili wa Jumuiya unaogharamiwa na Ujerumani na kusimamiwa na Baraza tangu mwaka 2018 umeonyesha kwamba inawezekana. Sharti lake moja ni zuri: anayechaguliwa asome shahada ya uzamili katika nchi ya Jumuiya isiyo yake. Ni wazo la mwaka 1963 lililorudi kwa idadi ndogo.

Uwezo wa vyuo vya ukanda huu kupokea wageni umejaribiwa pia na misiba. Mwaka 2015 mgogoro wa Burundi ulifunga chuo kikuu cha Bujumbura, na wanafunzi waliotolewa mabwenini wakapiga kambi karibu na ubalozi wa Marekani. Wapo walioishia ukimbizini, masomo yakiwa yamekatika. Mwaka 2020 korona ilifunga vyuo na mipaka kwa pamoja. Vita vya Sudan vilipolipuka Aprili 2023 na Khartoum ikawa uwanja wa mapigano, chuo kikuu kimoja cha sayansi za tiba cha huko kilitafuta mahali pa kuwamalizia wanafunzi wake, na milango ikafunguliwa Rwanda na katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Wasudani wale hawakuwa raia wa Jumuiya. Walipokelewa kwa sababu kulikuwa na madaktari waliokubali kuwafundisha wodini na maofisa waliokubali kushughulikia karatasi zao kwa haraka. Nia ikiwepo, yale yanayoelezwa kila siku kuwa hayawezekani kisheria huwezekana ndani ya wiki chache.

Jumuiya sasa ina nchi wanachama nane. Sudan Kusini ilijiunga mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia mwaka 2024. Vyuo vya Lubumbashi, Goma na Bukavu, ambako Kiswahili ni lugha ya mtaa na soko, vina wanafunzi ambao wangefaidika sana na nafasi za Kigali, Bujumbura au Dar es Salaam, na kinyume chake. Kenya nayo inaacha 8-4-4; wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wanatarajiwa kuingia vyuo vikuu mwaka 2029, na wasajili wa nchi jirani watakuwa na cheti kipya mezani. Wakikipokea bila maandalizi, machungu ya kozi za daraja yatarudi kwa kizazi kingine.

Baraza lenye kazi yote hiyo linategemea michango ya serikali na ada za vyuo wanachama, ambavyo sasa vinazidi 100, na michango ya nchi katika taasisi za Jumuiya imekuwa ikichelewa mwaka baada ya mwaka. Mawaziri wa elimu wanaokutana Arusha wana mambo mawili ya kufanya ambayo hayahitaji tume wala mkutano mwingine wa wakuu wa nchi: walipe michango ya nchi zao kwa wakati, na waagize kila chuo cha umma kuwa na orodha moja ya ada kwa raia wote wa Jumuiya kabla ya udahili wa mwaka 2029. Wazazi, wanafunzi na makamu wakuu wa vyuo wawadai hayo kwa majina yao, nchi kwa nchi.